Masomo ya bure ya KRA mtandaoni: tazama ukiwa na daftari la mauzo

KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, hufundisha ushuru bila malipo kwenye tovuti yake, kwenye YouTube, na katika vikao vya moja kwa moja vya mtandaoni ambako unaweza kuuliza swali. Mwenye duka, kinyozi au muuza mitumba anayejifunza hapo halazimiki kumkabidhi mtu wa saiba (duka la intaneti) nywila yake ya iTax, mfumo wa KRA wa ushuru mtandaoni, na hilo pekee ni faida kubwa.

Kabla ya kufuata video yoyote, angalia tarehe yake. Ushuru wa mauzo, TOT, ulikuwa asilimia 1 kuanzia Aprili 2020. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3, kwa biashara yenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Anayefuata somo la zamani atalipa theluthi tu ya anachodaiwa, halafu deni lililobaki litaongezewa adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Somo la TOT ndilo la kutazama mara mbili, kwa sababu ushuru huu hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Chukua duka la unga na sukari linalouza Sh200,000 kwa mwezi na kubakiwa na faida ya Sh8,000. TOT yake ni Sh6,000! Mwenye duka kama hilo anaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki TOT, atozwe kwa faida. Kama hana mapato mengine, asilimia 10 ya Sh8,000 ni Sh800, na nafuu ya mlipa ushuru binafsi ya Sh2,400 kwa mwezi inaimeza yote. Ila hapo lazima matumizi yathibitishwe kwa ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, zenye PIN yako, yaani namba yako ya mlipa ushuru. Mpe muuzaji wa jumla PIN kabla hajatoa ankara, maana ukishaondoka ni vigumu kuirekebisha.

Anayebaki kwenye TOT huwasilisha ritani, yaani taarifa ya ushuru, na kulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Jumlisha M-Pesa na pesa taslimu pamoja. Wengi huandika ya M-Pesa peke yake.

Fanya zoezi la ritani kwenye kompyuta, si simu. Fomu ya Excel ina makro (amri ndogo za kompyuta zilizo ndani yake), na usipoziruhusu, kitufe cha kuhakiki hakifanyi kazi. Ukihakiki, fomu hutengeneza faili la zip: lipakie lilivyo, usibadilishe jina lake. Kisha tengeneza hati ya malipo upate PRN, namba ya kumbukumbu ya kulipia. Kuwasilisha ritani hakulipi ushuru, na kulipa hakuwasilishi ritani, kwa hiyo hifadhi stakabadhi zote mbili.

Kwenye kikao cha moja kwa moja, uliza kwa tarakimu: mauzo ya mwezi, gharama ya bidhaa, kodi ya chumba. Ukiuliza kwa jumla, utasomewa kilekile kilicho kwenye tovuti.