Korodani ambayo haijashuka: usingoje aanze shule

Mama, umeuliza kama mwanao wa miezi 10, ambaye korodani yake moja haijashuka kwenye mfuko wake wa korodani, angoje hadi aanze shule. La, usingoje. Ikishuka yenyewe huwa ni kabla ya miezi 6. Baada ya hapo ni nadra, na joto la mwilini huidhuru, hata kuathiri uwezo wa kuzaa baadaye. Wakati mzuri wa upasuaji ni kabla ya miezi 18. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, hukatwa kidogo kwenye kinena, korodani ikashushwa na kushonewa mfukoni mwake. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa kuwa uko Kisumu, omba barua ya rufaa kliniki uende hospitali ya Jaramogi, pale tunapopaita Russia. Na shangazi anayetaka kumkanda kwa mafuta, mheshimu, lakini tafadhali usimruhusu.