Ukitazama Picha za Wafalme wa Mughal, Anza na Mikono

Nimezitazama picha hizi kwa miaka mingi, na ushauri wangu mkubwa ni huu: usianze na sura, anza na mikono. Nani anatoa, nani anapokea? Wachoraji wa Kimughal, yaani wa ukoo wa kifalme uliotawala sehemu kubwa ya India, walipochora mfalme na jamaa zake, mara nyingi walikuwa wanaeleza nani ana haki ya kurithi kiti.

Chukua ile ya mchoraji Bichitr, ya yapata mwaka 1631, iliyopo makumbusho ya Chester Beatty, Dublin. Wameketi watatu: Akbar katikati, mwanawe Jahangir upande mmoja, mjukuu wake Shah Jahan upande wa pili. Sasa fuata taji. Linatoka kwa babu moja kwa moja hadi kwa mjukuu, baba mtu amerukwa! Kikao hicho hakikuwahi kufanyika. Akbar alifariki mwaka 1605, Shah Jahan akiwa na miaka 13, na aliyetawala baada yake ni Jahangir, hadi 1627. Shah Jahan alikuwa amemwasi baba yake huyo. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini baraka ilibidi itoke kwa babu.

Usishangae kutomwona mama. Wake wa wafalme waliishi ndani, mbali na macho ya wanaume wa nje, kwa hiyo picha nyingi zinazouzwa kama za Mumtaz Mahal, mke wa Shah Jahan, zimetokana na fikra za wachoraji wa baadaye. Mimi siziamini.

Kisha nenda kwa mchoraji Nanha, yapata 1620, picha iliyopo makumbusho ya Metropolitan, New York. Shah Jahan, bado mwanamfalme, ameketi na mwanawe Dara Shikoh juu ya kiti cha dhahabu, wakitazama vito. Dara ana kama miaka mitano. Mwaka 1659 aliuawa kwa amri ya mdogo wake, Aurangzeb, aliyekuwa amekwisha mfungia baba yao katika ngome ya Agra. Nikishakumbuka hayo, siwezi kuipita picha hii haraka.

Ukibahatika kuona picha kama hizi ana kwa ana, usisimame wima tu mbele ya kioo. Inama, zitazame kwa upande. Lulu zilichorwa kwa rangi nyeupe nzito hadi zikainuka juu ya karatasi, na dhahabu hung'aa tu mwanga unapoipiga kwa pembeni. Kwenye simu, ikuze picha hadi uone ndevu: kila unywele una mstari wake, uliopigwa kwa brashi ya manyoya ya kindi.