Jina la seva si maandishi tu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika kwa lugha ya Rust programu inayotuma hesabu za mauzo kutoka kaunta za duka letu kwenda kwenye seva iliyo chumba cha nyuma, nami natumia maktaba ya rustls ili mawasiliano yawe salama. Mambo mawili yananitatiza. Kwanza, kwa nini maktaba hii haipokei jina la seva kama maandishi ya kawaida, bali inadai kitu kinachoitwa ServerName? Pili, nikiweka anwani 192.168.1.20, programu inakikataa cheti cha seva, yaani hati ya kidijitali inayoitambulisha, ingawa anwani hiyo niliiandika mwenyewe ndani ya cheti. Mwenzangu anasema nizime ukaguzi wa cheti kwa kuwa seva ni yetu. Je, nimsikilize?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na ushauri wa mwenzako: tafadhali usiufuate. Ukaguzi ukizimwa, data itaendelea kusimbwa, lakini programu haitajua inazungumza na nani. Kifaa chochote kilichoingia kwenye mtandao wa duka, hata simu ya mgeni aliyepewa nywila ya Wi-Fi, kitaweza kujifanya seva, kikasoma hesabu zote na kuzibadilisha kabla ya kuzipeleka mbele. Tatizo lako lina dawa isiyohitaji kuzima chochote.

Katika itifaki ya TLS, yaani kanuni za mawasiliano salama ambazo rustls huzitekeleza, jina la seva lina kazi mbili. Ya kwanza ni ya hodi. Anwani moja ya IP, yaani nambari inayotambulisha kompyuta mtandaoni, inaweza kubeba tovuti nyingi, kama nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi. Mgeni anayebisha mlangoni hana budi kusema anamtafuta nani, na ndiyo maana programu hutaja jina la seva katika ujumbe wake wa kwanza kabisa. Utaratibu huo uliwekwa mwaka 2003 katika waraka wa RFC 3546, mmojawapo wa nyaraka za kanuni za intaneti, na kanuni zake za sasa zimo katika RFC 6066 ya mwaka 2011. Kazi ya pili ni nzito zaidi: seva ikishatoa cheti, programu hulinganisha jina ililolitarajia na majina yaliyomo ndani ya cheti hicho, na yasipolingana, muunganisho huvunjwa.

Sasa fikiria kazi hizo mbili zikikabidhiwa maandishi ya kawaida. Maandishi yanaweza kuwa chochote: yanaweza kuwa matupu, yanaweza kuwa anwani nzima ya tovuti pamoja na nambari ya poti, au yakawa jina la duka lenye ng' ya king'ong'o, ilhali alama ya ritifaa hairuhusiwi katika jina la seva. Jina la DNS, yaani jina la kompyuta au tovuti linaloandikwa kwa herufi na nukta, lina mipaka yake: kila kipande kati ya nukta na nukta hakizidi herufi 63, na jina zima halizidi 253. ServerName hukagua mambo haya mara moja tu, pale unapoita try_from, kitendo cha Rust kinachojaribu kugeuza maandishi kuwa ServerName, na kama jina ni bovu unapata kosa papo hapo. Tangu hapo kila sehemu ya programu inayoipokea ina hakika kwamba imepewa kitu halali. Kwa maoni yangu huu ni uungwana mkubwa wa waliobuni maktaba hii, kwa sababu makosa ya usalama hupenda kujificha pale ambapo kila mtu anadhani mwingine ameshakagua.

ServerName ina sura mbili, jina la DNS na anwani ya IP, na hapa ndipo ulipokwama. RFC 6066 inakataza anwani ya IP kutajwa katika hodi ile, kwa hiyo ukiweka 192.168.1.20, rustls haitaji jina lolote. Kisha, inapokagua cheti, haitazami majina ya DNS. Hutafuta sehemu maalumu ya anwani za IP, ambamo anwani huhifadhiwa kama baiti 4, au baiti 16 ikiwa ni ya IPv6, ile aina mpya ya anwani iliyo ndefu zaidi. Nadhani ulipotengeneza cheti uliandika DNS:192.168.1.20 mahali palipotakiwa IP:192.168.1.20. Kwa macho yetu ni kitu kilekile, lakini kwa mkaguzi ni vitu viwili visivyokutana kamwe. Kama uliiweka anwani kwenye lile jina kuu la mwenye cheti peke yake, hapo nako haitaonekana, kwani rustls huangalia orodha ya majina mbadala ya cheti tu, ambamo sehemu ile ya anwani za IP imo.

Hata hivyo, ningekushauri uipe seva jina, ili siku anwani ikibadilika usilazimike kutengeneza cheti kingine. Mwaka 2024 ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, ilitenga kikoa cha .internal kwa mitandao ya ndani, basi hesabu.duka.internal litafaa. Mamlaka za vyeti za umma, yaani taasisi zinazotia saini vyeti, hazitoi cheti kwa jina la namna hiyo wala kwa anwani ya ndani, kwa hiyo tengeneza mamlaka yako ndogo na uweke cheti chake cha mzizi katika RootCertStore, hifadhi ya vyeti ambavyo programu inaviamini, ya kila kaunta. Wala huhitaji seva ya DNS ya kutafsiri majina kuwa anwani: TcpStream, sehemu ya Rust inayofungua muunganisho, ipe 192.168.1.20 pamoja na poti, na ServerName ipe hesabu.duka.internal. Mahali unapopiga simu na mtu unayetarajia aipokee ni mambo mawili tofauti, na rustls inakuruhusu kuyatenganisha.

SWALI: Nasoma jina la seva kutoka faili la mipangilio na kuligeuza kuwa ServerName, lakini kompaila ya Rust, ile inayogeuza msimbo kuwa programu, inalalamika kwamba maandishi hayaishi muda wa kutosha. Nifanyeje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: ServerName iliyotokana na maandishi ya kuazima huendelea kuyategemea maandishi hayo, ilhali ClientConnection, sehemu ya rustls inayoendesha muunganisho upande wa programu yako, inataka jina lisilotegemea maandishi ya kuazima. Ita to_owned() baada ya try_from, nalo litapata nakala yake lenyewe. Fanya hivyo wakati uleule unaposoma faili, kisha uhifadhi ServerName badala ya maandishi. Jina likiwa limekosewa, programu itakataa kuanza asubuhi mbele yako, badala ya kukwama usiku inapojaribu kuunganisha.