Jaribio la kerneli likifeli, soma kwanza mmap

Jaribio la kumbukumbu la kerneli ya Linux likifaulu kwenye mashine yako likafeli kwa mwenzako, usikimbilie kuilaumu kerneli. Nenda kwenye folda ya tools/testing/selftests/mm, fungua jaribio lenyewe, usome kila mstari unaoita mmap, yaani wito wa kuiomba kerneli eneo la kumbukumbu.

Hitilafu iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa ya MAP_FIXED, alama ya mmap inayolazimisha eneo liwe kwenye anwani uliyoitaja. Aliyeandika jaribio alitaka eneo la kumbukumbu kwenye anwani aliyoiandika mwenyewe ndani ya msimbo. Kwa biti 64, ambako nafasi ni tele, lilifaulu kila mara. Tulipolikompaili kwa biti 32 likawa linakufa mara mojamoja, tena ndani ya printf, mahali pasipohusiana hata kidogo na kinachopimwa.

MAP_FIXED haibishi hodi. Ikikuta kitu kwenye anwani uliyotaja, kerneli inakifuta bila kukwambia na kuweka eneo lako jipya. Na kwa kuwa Linux huhamisha-hamisha maktaba kila programu inapoanza, kuna wakati anwani ile ilikuwa tupu, na kuna wakati ilikuwa imekaliwa na libc, maktaba ya msingi ya C ambamo printf imo.

Ushahidi niliupata kwa kuchapisha /proc/self/maps, orodha ya maeneo ya kumbukumbu ya programu, kabla ya mmap na baada yake: mstari wa libc ulikuwa umekatwa vipande viwili, katikati limekaa eneo letu. Ukitaka kuthibitisha zaidi, endesha jaribio kwa setarch -R, ambayo huzuia kule kuhamahama. Matokeo yakiacha kubadilika-badilika, umeshamkamata mwizi.

Kurekebisha si kazi kubwa. Kama anwani haina umuhimu, ondoa MAP_FIXED, peleka NULL (yaani bila anwani), kerneli ichague. Kama ni lazima iwe pale pale, tumia MAP_FIXED_NOREPLACE, iliyoingia Linux 4.17 mwaka 2018. Pakiwa pamekaliwa unarudishiwa kosa la EEXIST. Lakini kerneli za zamani hazijui alama hiyo, zinaweza kukupa eneo kwingine kabisa, kwa hiyo linganisha anwani uliyoomba na uliyopewa.

Ukiwa hapo hapo, angalia pia mmap inakaguliwaje. Ikishindwa hairudishi NULL, inarudisha MAP_FAILED, yaani -1. Sharti la if (!p), linalokamata NULL tu, linaipitisha, na jaribio linaanguka mbele huko likiisingizia kerneli. Nimelikuta kosa hili kwa watu wenye uzoefu mkubwa.

Na 4096, ukubwa wa ukurasa wa kumbukumbu kwa baiti uliozoeleka, usiiandike kwa mkono. Mashine za Arm64 zinaweza kuwa na kurasa za KB 16 au 64. Iulize mashine kwa sysconf(_SC_PAGESIZE).

Kiraka chako (marekebisho ya msimbo unayotuma) kikiwa tayari, weka kwenye maelezo yake ile mistari ya maps, ya kabla na ya baada. Msimamizi wa msimbo akiiona libc imekatwa katikati, hatahitaji aya tatu za kushawishiwa.