Jibu: Panama City Beach mwezi Machi na watoto

Salama dada. Umeuliza kama ni busara kupeleka watoto Panama City Beach, Florida, katikati ya Machi wakati wanachuo wako likizo. Inawezekana kabisa, ila anza na jengo utakalofikia, ufuo baadaye. Kabla hujalipa, piga simu uulize kama mpangaji lazima awe na miaka 25. Tulikofikia sisi sharti hilo lilikuwepo, na mlinzi getini alitufunga kila mmoja utepe wa kutambua wageni mkononi, hata mdogo wetu wa miaka minne. Usiku tulilala vizuri.

Pombe ni marufuku mchangani Machi yote. Sheria ilikazwa 2015, baada ya watu saba kupigwa risasi kwenye sherehe nyumbani kwa mtu. Hata kopo moja la bia kwenye boksi la barafu ni kosa, kwa hiyo mwambie shemeji mapema.

Miami Beach nako ukitaka, uliza maegesho kwanza. Machi 2024 baadhi ya gereji za South Beach, mtaa wa kusini wa Miami Beach, zilitoza wageni dola 100 wikendi zenye msongamano.

Sisi tulishuka ufuoni saa 2 asubuhi, tukaondoka saa 6. Muda huo ni familia tupu.