Giza la Unguja lilinifunza judo, taa zikaniaibisha

Wiki iliyopita kijana mmoja, mcheza karate, kaniandikia: “Kaka, nimeona video ya mtu anapigana huku kafungwa kitambaa machoni. Nikajaribu chumbani kwangu, nikalipiga teke kabati. Kidole cha mguu kimevimba. Nimekosea wapi?” Nilicheka mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Halafu nikanyamaza, maana swali lile limenigusa pabaya.

Mdogo wangu, umekosea hapa tu: kabati halikukushika.

Ngoja nikusimulie. Disemba 2009 njia ya umeme inayotoka bara kupitia chini ya bahari ilipata hitilafu, Unguja nzima ikazimika mpaka Machi 2010. Waliokuwapo hawahitaji kuelezwa. Friji zikawa za kuwekea nguo, maji yakawa ya kuteka na kubeba, na mwenye jenereta akawa na marafiki asiowajua. Mimi nilikuwa na mkanda wa kahawia, hatua moja kabla ya mweusi, na kichwa kikubwa kuliko mkanda wenyewe. Tulikuwa tunafanya mazoezi baada ya Magharibi, kwa sababu mchana kila mtu yuko kwenye riziki yake. Siku ya kwanza ya giza tukaanza kukusanya viatu turudi nyumbani. Mwalimu akatuuliza, “Mmekuja kucheza judo au kutazama taa?”

Kandili ikawekwa mlangoni, mbali na mikeka isije ikaungua. Mwanga wake uliishia kwenye viatu vyetu. Huko ndani giza totoro.

Wiki ile ya kwanza nilibwagwa na watu niliokuwa nawabwaga nitakavyo. Nilikuwa na tabia ya kutazama miguu ya mwenzangu, na hii ni tabia ya wengi. Ukitazama miguu, kichwa kinainama, mgongo unapinda, mtu anakukunja kama mkeka wa ukili. Gizani hakuna miguu ya kutazama. Bila kuambiwa na mtu, shingo yangu ikanyooka.

Kisha mikono ikaanza kusikia. Nilikuwa nikicheza sana na fundi seremala mmoja, viganja vyake kama msasa. Gi zetu, yaani nguo za judo, zilikuwa hazifuliwi kwa shida ya maji, zimekauka kwa chumvi ya jasho, zinanuka kila moja kivyake, hata salamu hatukuhitaji kujua nani ni nani. Usiku mmoja mkono wangu wa kulia uko kwenye kola yake, wa kushoto umeshika kitambaa chini ya kiwiko chake. Nikahisi kola inashuka, kidogo tu, upana wa ukucha wa dole gumba. Ndipo mguu wake ukasogea. Nikangoja. Ikashuka tena, mguu ukafuata. Mara ya tatu sikungoja mguu. Kola iliposhuka tu nikapitisha wayo wangu kwenye kifundo chake kabla hajaukanyagia uzito, kama mtu anayefagia ganda la ndizi. De ashi barai, mbinu ya kufagia mguu, ile niliyokuwa naikosea miaka sita kwenye mwanga. Alitua kabla hajajua kama ameng'oka. Akauliza kutoka chini, “Umeniona?”

Sikumwona. Mpaka leo sijawahi kuona kitu kama kile.

Sababu yake si uchawi. Mwili unashika mizani kwa macho, kwa sikio la ndani, na kwa habari zinazotoka kwenye misuli na viungo. Macho ni mbabe, yakiwapo hawa wengine wananyamaza. Simama sasa hivi kwa mguu mmoja, kisha fumba macho. Umetetemeka? Basi umeshajua ulikuwa umesimamia nini.

Na kama unadhani natia chumvi, mtazame Antônio Tenório wa Brazil. Jicho moja lilipotea akiwa na miaka 13 kwa mchezo wa manati, la pili likafuata akiwa na 19. Akachukua dhahabu nne mfululizo za Paralimpiki: Atlanta 1996, Sydney 2000, Athens 2004, Beijing 2008. Judo ya wasioona imo Paralimpiki tangu Seoul 1988, na kanuni yake kubwa ni kwamba wachezaji wanaanza wakiwa wameshashikana. Wakiachana, mwamuzi anasimamisha pambano, wanashikanishwa upya. Kanuni hiyo ndiyo niliyopaswa kuizingatia, na sikuizingatia.

Umeme ukarudi, watu wakapiga vigelegele mitaani, nami nikawa natembea kama nimebeba siri ya ulimwengu. Nilimwambia kila mtu kwamba naweza kucheza nimefumba macho. Yakaja mashindano ya kuchagua timu ya kwenda bara. Nikapangwa na mtoto mmoja wa mkanda wa kijani. Nikanyoosha mikono nitafute kola kama nilivyozoea, mtu anayepapasa kitasa cha mlango. Yule mtoto akaninyima. Akaupiga mkono wangu wa kushoto, akaupiga wa kulia, akaingia chini yangu na seoi nage ya magoti, bwago la kupitishwa begani, nikaona dari. Ippon, alama kamili, pambano limekwisha. Sekunde ishirini, pengine hazikufika.

Kutoka kwenye viti mtu akapaza sauti: “Popo mchana haoni!” Ukumbi wote ukaangua kicheko. Aliyesema namjua, na tangu siku hiyo hajanitaka radhi. Nafasi nyingine ya uzito wangu akapewa jamaa niliyembwaga gizani mpaka nikachoka kuhesabu, na waliochagua hawakunieleza kwa nini. Haya, yamepita. Nimeyataja tu.

Basi jibu lako, mdogo wangu, ni hili. Giza linafundisha yanayotokea baada ya kushikana. Kabla ya kushikana unahitaji macho, tena mawili. Anayekwepa ngumi za mbali huku kafungwa kitambaa anaigiza, na mwenzake ndiye anayempangia ngumi. Kama mtindo wako ni Goju-ryu, mnayo kakie, mikono inagusana mnasukumana na kuvutana. Hapo funga macho. Kata, ule mfululizo wa hatua na mapigo unaofanya peke yako, pia ifanye umefumba: weka kanda chini unapoanzia, ukimaliza fumbua uone umeishia wapi. Utastaajabu. Wa judo na mieleka anzeni kwa magoti, dakika kumi, na mtu mmoja mnayeaminiana, na mwenye macho wazi asimame pembeni kulinda kuta. Asiyejua kuanguka vizuri asiguse kitambaa. Narudia, asiyejua kuanguka asiguse kitambaa.

Lakini najua mtasoma haya kisha mtanitumia ujumbe kuuliza kitambaa cha rangi gani. Vijana mnapenda kitambaa kwa sababu kinapendeza kwenye video. Hamuipendi miezi mitatu. Mnataka kuhisi kola ikishuka na hamjawahi kushika kola ya mtu yuleyule usiku arubaini mfululizo. Kaeni na mtu mmoja. Nyamazeni mkicheza. Zimeni na ule muziki, hamwezi kusikia pumzi ya mtu anayevuta hewa kabla ya kuingia uchi mata, bwago la kufagia paja kwa ndani, huku spika inapiga singeli.

Mimi bado nafunga kitambaa kila Alhamisi, na wa kunifunga ni yule yule seremala, sasa ana mvi kidevuni. Tunaanza mbali mbali, yeye macho wazi, ananinyima kola makusudi mpaka nikasirike, kisha ananipa. Alhamisi iliyopita kanibwaga mara tatu.