Kuitolea Maoni Picha ya Mandhari ya Mwenzako

Wapiga picha wa Tanga tunaojishughulisha na mandhari na viumbe wa porini tuna desturi ya kukutana Jumapili alasiri na kuonyeshana kazi zetu kwenye kompyuta ya mmoja wetu. Katika vikao hivyo nimeona kwamba kauli mbili zinazosikika kuliko nyingine zote, yaani "picha kali" na "haijakaa vizuri", humwacha mwenye picha palepale alipokuwa. Ya kwanza humfurahisha na ya pili humuumiza, lakini hakuna hata moja inayomwambia afanye nini siku atakaporudi ufukweni na kamera yake. Ninaamini kwamba kutoa maoni ni kazi inayohitaji maarifa, na kwa picha za mandhari sehemu kubwa ya maarifa hayo haihusu kamera bali mahali penyewe: jua letu, maji yanavyojaa na kupwa, misimu ya pepo na tabia za viumbe tunaowapiga.

Kwanza kabisa, itazame picha kwa kitambo bila kusema neno, kisha umuulize mwenyewe alikuwa akitafuta nini. Hilo si suala la adabu peke yake. Chukua mfano wa magofu ya Tongoni, kusini mwa mji kwenye njia ya Pangani, penye msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Mpiga picha mmoja anaweza kwenda pale akitaka kuonyesha jinsi mimea inavyoyarudia mawe yaliyoachwa na watu, na mwingine akataka umbo la nguzo tu likiwa peke yake mbele ya anga. Ukimshauri yule wa kwanza aondoe nyasi zilizojaa mbele ya picha, umemwondolea habari yake yote, ilhali kwa yule wa pili ushauri uleule ungekuwa wa thamani.

Ukishajua nia yake, mweleze jicho lako lilivyosafiri ndani ya picha kabla hujatoa hukumu yoyote. Mwenzetu mmoja alileta picha ya ngalawa iliyokaa juu ya matope wakati maji yamekupwa, mikoko ikiwa nyuma yake na mawingu mazito juu. Karibu kila mtu aliisifu anga. Mimi nilimwambia, "Dada, jicho langu limeanzia kwenye ndoo ya buluu iliyo pembeni kushoto, likakaa hapo, ndipo likaiona ngalawa." Alishangaa, kwa kuwa wakati wa kupiga hakuwa ameiona kabisa ndoo hiyo. Mtu aliyesimama ufukweni anakumbuka upepo, harufu ya chumvi na furaha ya kuiona ngalawa ikiwa peke yake, na kumbukumbu hizo huendelea kumfunika macho hata anapoitazama picha nyumbani. Mtazamaji hana chochote isipokuwa kile kilichomo ndani ya fremu, na kwa sababu hiyo hasa anaweza kumpa mwenzake kitu ambacho hawezi kukipata akiwa peke yake. Zaidi ya hayo, hakuna anayeweza kubishana nawe kuhusu mahali jicho lako lilipokwenda.

Maarifa ya mahali ndiyo yanayokosekana zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Mafunzo mengi ya picha za mandhari tunayoyasoma yametungwa na watu wanaoishi mbali na ikweta, ambako jua huchomoza kwa mshazari na mwanga laini wa asubuhi hudumu kwa muda mrefu. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, na jua letu hupanda karibu wima, kiasi cha nyuzi 14 kwa saa. Mwanga ule wa manjano unaotafutwa na kila mtu huwa na ubora wake katika dakika 25 hivi za mwanzo, kisha vivuli huwa vikali na rangi huanza kufifia. Kwa hiyo kumwambia mwenzako kwamba angesubiri kidogo baada ya macheo hakumsaidii. Mwambie achague mahali pa kusimama siku moja kabla, na siku ya kupiga awe amekwisha kusimamisha stendi yake saa 11 na nusu alfajiri. Mkumbushe pia kwamba ufukwe unaotazama mashariki, kama wa Ushongo, hupata jua la asubuhi kutoka baharini, kwa hiyo vyombo vilivyo majini huonekana kama vivuli vyeusi. Anayetaka rangi za tanga na mbao zionekane afike jioni, jua likiwa upande wa nchi kavu, nyuma ya mgongo wake.

Maji nayo yana ratiba yake, na nimesikia ushauri mwingi usiotekelezeka kwa sababu mtoa ushauri hakuifikiria. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3, na mawe, michirizi ya mchanga na mashamba ya mwani huonekana kwa upana wa kuvutia. Lakini katika siku hizohizo maji hupwa kabisa majira ya saa 4 hadi saa 5, asubuhi na usiku, ambapo jua la asubuhi tayari limekuwa kali. Ukimwambia mtu arudi siku ya bamvua apige ufukwe mpana ulio mtupu wakati wa macheo, umemtuma kutafuta kitu ambacho bahari yetu haitoi. Anaweza kupata kupwa kwa alfajiri siku chache baadaye, mara tu baada ya maji mafu, yaani siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, ila ufukwe hautakuwa mpana kiasi kile, na inampasa achague kipi anakitaka zaidi.

Hali ni hiyohiyo milimani. Picha nyingi za Irente, kule Lushoto, zinazoonyesha tambarare iliyo chini upande wa Mazinde, huwa na weupe unaofunika kila kitu, na wengi hukimbilia kusema kwamba kamera haifai. Kamera mara nyingi haina kosa. Watu hupenda kwenda pale jioni, wakapiga kuelekea magharibi, jua likipenya kwenye vumbi na unyevu uliomo hewani. Mshauri mwenzako aende asubuhi, kivuli cha mlima kikishaondoka tambarare na jua likiwa nyuma yake, hasa siku inayofuata mvua ya vuli, na utakuwa umempa ushauri ambao hata kamera ya bei kubwa isingempa.

Unapokuta kasoro, jiulize kama inaweza kurekebishwa katika faili, kama inamtaka mtu arudi alikopigia, au kama ni upendeleo wako tu. Hizo ni habari tofauti, na mwenye picha ana haki ya kujua unazungumzia ipi. Upeo wa bahari ulioinama hurekebishwa kwa kuizungusha picha, lakini kingo zitakatwa, na kama ncha ya mlingoti iko karibu na ukingo, mwonye mapema. Mawingu yaliyoungua mpaka yakawa meupe pe hayarudi katika faili ya kawaida, kwa hiyo mfundishe kuitazama histogramu, ile grafu ya kamera inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga katika picha, akiwa bado uwanjani. Picha laini, yaani isiyo na ukali, iliyopigwa kwa tundu la lenzi la f/22, ambalo ni dogo sana, mara nyingi haikukosewa fokasi. Mwanga unapopita kwenye tundu dogo mno hutawanyika na kupunguza ukali, na tundu kubwa zaidi, la f/8 au f/11, lingetosha. Anga yenye doa la buluu nzito upande mmoja na weupe upande mwingine hudhaniwa kuwa imeharibiwa katika kuhariri, kumbe ni filta ya polaraiza, kioo cha mbele ya lenzi kinachokoleza buluu ya anga, iliyotumiwa na lenzi pana jua likiwa chini. Filta hiyo hufanya kazi kwa nguvu zaidi katika pembe ya nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na lenzi pana hubeba sehemu kubwa mno ya anga. Kama mwenzako anatumia simu, achana na habari za tundu la lenzi, umsaidie kwa yale aliyonayo: mahali pa kusimama, saa na fremu.

Rangi zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo upendeleo hujifanya sheria. Ndani ya msitu wa Amani mwanga hupita kwenye majani kabla ya kufika chini, kwa hiyo kila kitu hupata ukijani kidogo, hata ngozi ya mtu na magome ya miti. Anayeuacha ukijani huo hajakosea, na anayeupunguza hajakosea pia. Ninachokipinga waziwazi ni kuikoleza rangi mpaka mashamba ya chai ya Usambara yang'ae kwa kijani ambacho hakuna mkulima wa Muheza aliyewahi kukiona. Hata hivyo, kabla ya kulisema hilo hakikisha unaitazama picha ndani ya nyumba, kwenye kioo chenye mwangaza wa wastani. Simu iliyofifia juani huifanya picha yoyote ionekane na giza.

Kwa picha za viumbe, nauliza pia jinsi zilivyopatikana, na naona ni wajibu kuuliza. Kinyonga aliyefungua mdomo na kuwa mweusi mara nyingi ni kinyonga aliyebughudhiwa, na picha yake haiwezi kusifiwa kana kwamba ni ya maisha yake ya kawaida. Makinda ya kasa hutafuta bahari kwa kuufuata mwanga, kwa hiyo flashi au tochi nyeupe kwenye fukwe wanakoangulia huweza kuwapoteza njia. Nikiona picha ya namna hiyo, sianzi na fremu wala rangi. Vilevile simwulizi mtu mbele ya kadamnasi ni jabali gani hasa alilolikuta ua la Saintpaulia, lile ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani kutoka Usambara mwaka 1892, kwa sababu mmea adimu ukitangazwa mahali ulipo unaweza kung'olewa.

Namna ya kusema ina uzito wake, hasa kwetu ambako vijana na wazee huketi baraza moja. Kijana anaweza kumwonyesha mzee kasoro bila kumvunjia heshima akiligeuza jambo kuwa swali: "Mzee wangu, naomba unieleze, ulitaka tuutazame zaidi mlima au mistari ya mkonge iliyo mbele?" Mzee aliyeulizwa hivyo wakati mmoja aliitazama picha yake upya, akasema mwenyewe kwamba vitu viwili vinagombea nafasi, na hakuna aliyehitaji kuongeza neno. Jambo zito zaidi, kama lile la kumbughudhi mnyama, nalisema pembeni. Na kwa anayeanza nachagua kasoro moja tu, ile ambayo akiirekebisha picha inayofuata itabadilika waziwazi, hata kama ninaziona nyingine sita.

Baada ya kusema, mwachie mwenyewe uamuzi. Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani aliyefariki mwaka 1984, aliendelea kuchapa picha kutoka negativu zake zilezile za filamu kwa miongo kadhaa, na picha alizochapa baadaye mara nyingi zilikuwa na giza na ukali kuliko za mwanzo. Mtu anayeukataa ushauri leo anaweza kuutaka baada ya mwaka mmoja, au akagundua kwamba alikuwa sahihi kuukataa. Ndiyo maana namwomba kila ninayemshauri asiifute faili ghafi ya picha, yaani ile ya awali ambayo haijahaririwa, na aandike kando yake tarehe, saa na hali ya maji.